Tamko kuhusu Shahada ya Kwanza ya Kriminolojia na Haki Jinai Nchini Kenya

Sisi, wanachama wa chama kinachowaunganisha wahadhiri, wanafunzi na wahitimu wa kriminolojia na haki jinai nchini Kenya, baada ya kujadiliana katika matawi yetu na kukubaliana kwa kauli moja, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa vyuo vikuu, kwa Serikali, na kwa wazazi na vijana wanaofikiria kuchukua masomo haya.

Msimamo wetu ni huu: shahada ya kwanza ya kriminolojia na haki jinai ipo ili nchi ipate watu wanaoweza kueleza kwa ushahidi kwa nini uhalifu hutokea, nani huumizwa nao, na taasisi za haki zinamtendeaje mlalamikaji na mshtakiwa. Vyuo vinavyoifundisha kama maandalizi ya kuvaa sare vinamnyima mwanafunzi elimu aliyoilipia. Serikali inayowaajiri wahitimu bila kuuliza wanachokijua inajinyima maarifa inayoyahitaji kila siku.

1. Hali iliyotufanya tuseme

Katika miaka ya karibuni masomo haya yameenea katika vyuo vikuu vya umma na vya binafsi. Majina ya shahada hayafanani: Egerton ina Kriminolojia na Masomo ya Usalama, Dedan Kimathi ina Kriminolojia na Usimamizi wa Usalama, na kwingine utakuta masomo ya polisi. Tofauti ya majina haina ubaya wowote. Kinachotuhangaisha ni kwamba wahitimu wawili waliosoma miaka minne kila mmoja wanaweza kukutana kazini na kugundua kwamba mmoja hakuwahi kufundishwa takwimu, na mwenzake hakuwahi kukaa mahakamani kusikiliza kesi hata moja kuanzia mwanzo hadi hukumu.

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto aingie chuoni mara nyingi huamini kwamba shahada hii inaelekea moja kwa moja chuo cha mafunzo ya polisi cha Kiganjo au Idara ya Upelelezi wa Jinai. Hakuna aliyemweleza vinginevyo. Kijana naye huchagua kozi kupitia KUCCPS, mfumo wa kuwapangia wanafunzi vyuo, kwa kutazama jina lake, akakopa fedha za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, akasoma, akafuzu. Kisha siku ya kuandikisha makurutu anasimama uwanjani kupimwa urefu, kukaguliwa meno na kukimbia pamoja na wenzake waliomaliza kidato cha nne. Hatudharau mbio wala wale wanaokimbia. Kazi ya polisi inataka mwili wenye nguvu. Tunasema tu kwamba miaka minne ya masomo haipaswi kupita bila mtu yeyote kuiuliza swali.

Mvutano kati ya taaluma hii na kazi ya polisi ni wa zamani. Nchini Marekani, August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, alishiriki kuanzisha masomo ya kriminolojia katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1916, kwa sababu alitaka maafisa wenye elimu. Tangu hapo kumekuwa na mjadala kama masomo haya yawahudumie polisi au yawachunguze. Jibu letu ni kwamba yafanye yote mawili, na kwamba la pili lisitolewe kafara kwa ajili ya la kwanza.

2. Mwanafunzi anasoma nini hasa

Ili umma uelewe tunachokitetea, tuchukue kesi ya kawaida kabisa. Kijana wa miaka 19 anakamatwa kwenye stendi ya matatu akidaiwa kumnyang'anya mama mboga simu yake jioni.

Swali la kwanza ni kwa nini pale na kwa nini saa ile. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba uhalifu wa aina hii hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: mtu aliye tayari kukosea, kitu kinachomvutia, na kukosekana kwa mlinzi. Mwanafunzi aliyeelewa hoja hiyo hataishia kulaumu malezi. Atauliza kuhusu taa za stendi, saa ambazo abiria hujazana, na mahali simu za wizi zinakouzwa.

Swali la pili ni kama tukio hilo litaingia kwenye takwimu. Mama mboga akiona kwamba nambari ya kitabu cha matukio cha polisi (OB) itamgharimu siku nzima ya biashara, atakwenda zake nyumbani. Ripoti za polisi za kila mwaka huonyesha uhalifu uliofika kituoni, na kila mtu anayezisoma lazima ajue kwamba mwingine haukufika. Dhuluma za kijinsia, wizi mdogo na ulaghai wa pesa kwa simu ni maeneo ambamo ukimya wa waathiriwa unaweza kuifanya nchi ijidanganye. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kubuni hojaji, kuchagua sampuli, kuwahoji watu bila kuwaumiza upya, na kusema wazi mipaka ya alichokipata.

Swali la tatu ni sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au mwisho wa siku ya mahakama inayofuata endapo saa hizo zitaishia nje ya muda wa kazi. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Mwanafunzi wetu hasomi ili awe wakili. Anasoma ili aweze kupima umbali uliopo kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka katika seli za kituo.

Swali la nne ni dhamana. Kijana akipewa masharti ambayo jamaa zake hawawezi kuyatimiza, atasubiri kesi gerezani ingawa sheria bado inamhesabu kuwa hana hatia. Hapo atakutana na waliohukumiwa kwa makosa mazito, atapoteza kibarua, na pengine mama yake atauza kitanda ili kulipa nauli za kumtembelea. Gharama hizo haziandikwi katika faili lolote mpaka mtafiti aende kuziuliza.

Swali la tano ni adhabu. Afisa wa probesheni ataandika ripoti kumhusu kijana, familia yake na mtaa wake. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, amtume mkosaji afanye kazi ya umma badala ya kumfunga. Je, ripoti hiyo iliandikwa kwa saa moja au kwa wiki moja? Mwathiriwa alisikilizwa? Hakimu aliisoma?

Swali la mwisho ni siku atakayorudi nyumbani. Howard Becker alionyesha mwaka 1963 jinsi jina ambalo jamii humpachika mtu linavyoweza kumfungia milango ya maisha mengine yote. Kijana anayeitwa mwizi na kila jirani hupata kazi kwa nani? Akirudi jela, tumhesabu yeye peke yake kuwa ameshindwa?

Kesi ni moja na ya simu moja, lakini imegusa mipango ya miji, takwimu, katiba, uchumi wa familia, saikolojia na ustawi wa jamii. Huo ndio upana wa shahada hii. Asiyepewa upana huo hajafundishwa kriminolojia, hata kama cheti chake kinasema hivyo.

3. Kwa nini historia ya taaluma hii ifundishwe kwa ukweli

Taaluma yetu ina mambo ya kujivunia na ya kuonea haya. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano alipinga mateso na adhabu ya kifo, akasisitiza kwamba uhakika wa adhabu huzuia uhalifu kuliko ukali wake. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1876, Mwitaliano mwingine, Cesare Lombroso, alidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na anatambulika kwa taya, masikio na umbo la fuvu. Mwaka 1913 Charles Goring alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wafungwa wa Uingereza na watu wasiofungwa, na hakukuta umbo la mhalifu lililodaiwa. Madai ya Lombroso yalikuwa yameshaenea, na yaliwapa wenye madaraka kisingizio cha kuwahukumu watu kwa sura na asili yao.

Kenya inaijua hukumu ya aina hiyo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, na kutokuwa nacho kukawa kosa. Maelfu ya watu waligeuzwa wahalifu kwa kalamu ya mtunga sheria, bila kumwibia wala kumpiga mtu. Mwanafunzi anayeijua historia hii hawezi tena kusema kwamba uhalifu ni uhalifu tu. Atauliza sheria ilitungwa na nani na inambana nani.

Swali hilo halikuisha na ukoloni. Ukaguzi wa mfumo wa haki jinai uliotolewa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki mwaka 2017 ulionyesha kwamba mfumo wetu unawaelemea maskini, na kwamba makosa madogo madogo yanawajaza watu katika seli na mahakama. Wakati huohuo nchi imeshuhudia kashfa za fedha za umma kama Goldenberg na Anglo Leasing. Edwin Sutherland aliwaambia wanataaluma wenzake mwaka 1939 kwamba nadharia inayoeleza wizi wa maskini na kunyamazia uhalifu wa wenye vyeo na kampuni haijaeleza uhalifu. Onyo hilo linafaa kuning'inizwa katika kila ukumbi wa mihadhara nchini.

Tunasikitishwa pia na jinsi wanafunzi wetu wanavyoijua Chicago kuliko Kampala. Kazi ya Clifford Shaw na Henry McKay ya mwaka 1942 kuhusu mitaa ya Chicago inastahili kusomwa. Lakini mwaka 1973 Marshall Clinard na Daniel Abbott walichapisha utafiti uliohusisha mitaa ya mabanda ya Kampala, wakaona kwamba umaskini peke yake hauelezi tofauti ya uhalifu kati ya mtaa na mtaa: mshikamano wa majirani una uzito wake. Naye Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda alichapisha utafiti kuhusu mauaji nchini mwake mwaka 1974, kisha kitabu cha utangulizi wa kriminolojia mwaka 1976. Hawa ni wahenga wa taaluma yetu katika ukanda huu. Kuwapita kimya ni kuwafunza vijana kwamba maarifa huja kwa ndege.

4. Maswali ambayo nchi inayasubiria majibu

Bonde la Ufa Kaskazini limepoteza watu na mifugo kwa miongo mingi. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, maafisa wa polisi zaidi ya 30 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Operesheni za usalama zimeendeshwa tena na tena. Lakini ng'ombe walioibwa hununuliwa na mtu, husafirishwa kwa lori la mtu, na huchinjwa mahali fulani. Utafiti wa masoko hayo ni kazi ya kriminolojia, na hauwezi kufanywa na mtu aliyefundishwa gwaride peke yake.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kundi la kidini ilifukuliwa. Kesi zilizofuata ni za mahakama kuamua, nasi hatumhukumu mtu. Hata hivyo nchi ina wajibu wa kujiuliza dalili zilianza kuonekana lini, majirani na machifu walisema nini, na habari zilikwama katika ofisi ipi. Majibu yake yanahitaji watu wanaoelewa jinsi imani hutumiwa kuwatenga watu na jamaa zao, na wanaojua pia taratibu za uchunguzi wa kitaalamu wa miili.

Maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha yaliacha vifo, majeruhi na uchungu mwingi. Kifungu cha 244 cha Katiba kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi iwafunze maafisa wake kwa viwango vya juu vya umahiri na uadilifu, waheshimu haki za binadamu, na ijenge uhusiano mwema na jamii. Taaluma yetu ina maarifa mengi kuhusu jinsi umati unavyotulizwa au kuchokozwa na mwenendo wa polisi. Maarifa hayo yafike kambini kabla ya siku ya maandamano.

Kuna pia mageuzi yanayotupa matumaini. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12 na kuweka njia za kuwaepusha watoto na mkondo wa mahakama. Mageuzi haya yamewapa mahakimu, maafisa wa probesheni na wa watoto kazi mpya ya kupima mtu mmoja mmoja. Wanahitaji wasaidizi waliosomea kazi hiyo, na vijana hao wako mitaani wakitafuta ajira.

5. Tunayoyataka

Kwa sababu hizo, tunatamka na kutaka kama ifuatavyo:

1. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kwa kushirikiana na vyuo, iweke kiini kimoja cha masomo kwa kila shahada ya kwanza ya kriminolojia, hata jina lake liwe lipi. Kiini hicho kiwe na nadharia za uhalifu, mbinu za utafiti na takwimu, sheria ya jinai na haki za Katiba, elimu ya waathiriwa, urekebishaji wa wakosaji, uhalifu wa kifedha na wa mitandao, na maadili ya taaluma.

2. Kila mwanafunzi afanye atachimenti katika angalau taasisi mbili zisizofanana. Aliyekwenda kituo cha polisi aende pia ofisi ya probesheni, gereza, mahakama au shirika linalowahudumia waathiriwa. Awe na msimamizi anayemtembelea, na asigeuzwe mtu wa kutumwa chai na fotokopi.

3. Maandishi ya watafiti wa Afrika Mashariki yaingizwe katika orodha za lazima, na wanafunzi wahimizwe kuandika na kuwasilisha matokeo yao kwa Kiswahili pale ambapo wanaohusika ni wananchi wanaozungumza Kiswahili. Utafiti kuhusu mtaa usioeleweka na mtaa umewatumia watu bila kuwarudishia chochote.

4. Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kiongezewe fedha na kiwe na nafasi za kudumu za wanafunzi na wahitimu. Takwimu za polisi, mashtaka, mahakama na magereza zitolewe kwa namna inayowezesha kufuatilia kesi kutoka OB hadi mwisho wa kifungo, majina ya watu yakiwa yamefichwa.

5. Tume ya Huduma ya Polisi, Idara ya Magereza na Idara ya Probesheni zitangaze kazi ambazo shahada hii ndiyo sifa yake: uchanganuzi wa uhalifu, huduma kwa waathiriwa, upangaji wa urekebishaji na tathmini ya mafunzo. Serikali za kaunti, ambazo zinasimamia taa za barabarani, masoko na shule za chekechea, ziajiri pia wataalamu hawa, kwa kuwa kinga ya uhalifu huanzia huko.

6. Wahadhiri na wanafunzi wanaochunguza utendaji wa taasisi za usalama walindwe dhidi ya vitisho, na vyuo visizuie utafiti kwa kuogopa kuwaudhi wakubwa.

6. Kwa vijana, wazazi na wanahabari

Kwa kijana anayefikiria kozi hii: ichague kama unapenda kuuliza na kusoma, kama uko tayari kumsikiliza aliyeumizwa na aliyeumiza kwa uvumilivu uleule, na kama unaweza kubadilisha mawazo ushahidi unapokukatalia. Kama ndoto yako pekee ni kuwa askari, hiyo ni kazi ya heshima, na lango lake liko wazi bila kupitia kwetu. Ukija, usilikimbie somo la takwimu. Wengi hulichukia mwaka wa kwanza, nalo ndilo huwapa kazi baadaye katika benki, bima, mashirika ya kijamii na taasisi za kupambana na ufisadi.

Kwa wazazi: ulizeni chuo maswali kabla ya kulipa. Nani anafundisha? Wanafunzi huenda wapi kwa atachimenti? Waliofuzu wanafanya kazi gani? Chuo kinachokwepa maswali hayo kimeshajibu.

Kwa wanahabari: msimwite mtu mhalifu kabla mahakama haijamtia hatiani, na msitoe tarakimu za uhalifu bila kusema zimetoka wapi. Wanachama wetu wako tayari kuwasaidia kuzisoma.

7. Ahadi yetu

Hatutaki kuwadai wengine tusiyoyatenda. Chama chetu kinaahidi kuandaa mihadhara ya wazi katika kaunti, kuwaunganisha wanafunzi na walezi wa kitaaluma kutoka miongoni mwa wahitimu, na kutoa maoni ya maandishi kila mara Bunge linapoalika umma kuzungumzia mswada unaohusu makosa, adhabu au polisi. Maoni hayo tutayatoa kwa ushahidi, hata pale yatakapowaudhi wanachama wetu wenyewe waliomo katika taasisi hizo.

Tunaiomba kila taasisi iliyotajwa itujibu kwa maandishi, nasi tutayachapisha majibu hayo pamoja na majina ya taasisi zitakazonyamaza.

Imetolewa Nairobi na Kamati Kuu, kwa niaba ya wanachama wote.